Jinsi ya kujua kwa nini mwanamieleka mnayempenda hakukaa juu (tumchukue Kofi Kingston)

Wanaofuatilia mieleka ya WWE, ile kampuni ya Marekani, mnaujua huu ubishi, fulani alipendwa na kila mtu, watoto walikuwa wanaiga mapigo yake kwenye magodoro, sasa mbona hakuwa John Cena, yule staa mkubwa wa kampuni? Hapo kila mtu ana jibu lake, huyu anasema fitina, yule anasema mwili mdogo, mwingine anasema hajui kuongea, mnapigizana kelele mpaka chai inapoa na hakuna aliyeleta ushahidi hata mmoja. Mi naona majibu yapo, ila inabidi ujue pa kuangalia, na mfano mzuri kwangu ni Kofi Kingston, mtoto wa Ghana, kwa sababu huyu mpaka mkanda mkubwa kabisa, ule wa ubingwa wa WWE, alivaa na bado hakukaa juu.

Kabla ya yote kubali kwamba mshindi anajulikana kabla hawajapanda ulingoni. Najua unajua, lakini katikati ya ubishi watu husahau wakaanza "Kofi asingeweza kumpiga Brock Lesnar, lile jitu, angalia ile mikono". Hilo si swali. Kwenye mieleka steringi ni yule aliyeandikwa kuwa steringi, hata akiwa na kilo sabini, kwa hiyo kila ukiona mtu kafungwa jiulize aliyeandika alitaka nini, alikuwa anamtengeneza nani pale.

Halafu tenganisha shangwe na nafasi. Hapa ndo wengi tunajikwaa, maana shangwe zinasikika na nafasi haisikiki. Chukua Royal Rumble, lile pambano la Januari la watu wengi ulingoni, ukitupwa nje miguu ikagusa chini umetoka, na anayebaki wa mwisho anapata pambano la mkanda WrestleMania, show kubwa kuliko zote za mwaka. Mwaka 2012 Kofi alitupwa nje akatua kwa mikono miguu juu, akatembea hivyohivyo kwa mikono mpaka kwenye ngazi za chuma akarudi ulingoni. 2013 akaomba kiti cha ofisini cha mtangazaji JBL akarukaruka nacho mpaka pembeni ya ulingo ili miguu isiguse chini. 2014 akaruka kutoka kwenye uzio wa mashabiki. Ikawa kila Januari watu wanasubiri safari hii Kofi ataponaje. Sasa niambie, kati ya hizo Rumble alishinda ngapi? Hakuna. Alipewa dakika moja ya kuzungumziwa na mkataba wa kwenda WrestleMania akapewa mtu mwingine, mwaka hadi mwaka, na sisi huku tunasema jamaa anapaa.

Ukishamaliza hilo tafuta siku mlango ulipofunguka. Karibu kila mwanamieleka anayependwa ana siku moja kama hiyo. Ya Kofi ni Novemba 2009 pale Madison Square Garden, New York, alipogombana na Randy Orton, mmoja wa wakubwa wa wakati huo, mpaka nje ya ulingo katikati ya watazamaji, akampiga akamlaza juu ya meza, akapanda juu akamrukia meza ikavunjika, ukumbi mzima ukalipuka. Wiki hiyohiyo kwenye Survivor Series, show ya mapambano ya timu kwa timu, timu yake ikashinda na yeye akabaki peke yake wa mwisho, akawatoa CM Punk na Orton mwenyewe. Na kumbuka jamaa alianza mwaka 2008 akitambulishwa kama Mjamaika, na lafudhi ya kuigiza juu, wakati kazaliwa Ghana na kakulia Marekani, sasa kwenye ugomvi huu ndo wakawa wameliacha lile igizo na watu wakamuona mtu halisi. Ukiangalia pale unasema basi, huyu ndo anaingia daraja la Cena na Orton.

Januari 2010 kwenye Raw, kipindi chao cha TV cha kila wiki, Orton, Cena na Kofi wako ulingoni kwa pamoja, mwisho wa pambano ukavurugika, Kofi hakuwa pale Orton alipomtaka awe, Orton akapandwa hasira akaanza kumfokea "stupid, stupid", laivu, kamera inachukua. Baada ya hapo Kofi akashuka. Kwa hiyo jibu la kijiweni limekuwa hilo, Orton alimuua Kofi. Ni stori tamu na mi niliiamini muda mrefu kama wengine, lakini panga tarehe uone. Desemba 2009 kwenye show ya TLC, yani kabla ya ile fokafoka, Kofi alikuwa ameshafungwa na Orton peupe kabisa. Mlango ulikuwa unarudishwa taratibu wakati bado tunashangilia ile meza. Na kampuni inayomtaka mtu kweli haimwachi kwa kosa la sekunde tatu, mbona wapo wakubwa waliokosea zaidi ya hapo wakaendelea kulindwa. Kwa hiyo ukipewa sababu ya tukio moja, rudi nyuma mwezi mmoja uangalie kilichokuwa kinaendelea, mara nyingi utakuta uamuzi ulishapita.

Sasa tuje 2019, hapa pana utamu. Mustafa Ali aliumia, nafasi yake kwenye Elimination Chamber, pambano la mkanda la watu sita ndani ya kizimba, ikawa wazi, wakamchomeka Kofi. Tarehe 12 Februari wakampa lile pambano la kupokezana, ukimtoa mmoja anaingia mwingine, akapigana zaidi ya saa nzima, akamfunga Daniel Bryan aliyekuwa bingwa, akamtoa Jeff Hardy, akamtoa Samoa Joe, ndo AJ Styles akamtoa yeye. Watu wakachizika. Miaka kumi na moja jamaa yupo kwenye kampuni hajawahi kupata pambano la mkanda mkubwa la mtu mmoja kwa mmoja! Tarehe 7 Aprili kwenye WrestleMania 35 akamfunga Bryan, watoto wake wakapanda ulingoni, akawa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Akaenda na mkanda mpaka Ghana. Nani hakufurahi.

Lakini ona neno hilo, wakamchomeka. Mpango haukuwa wake, ulikuwa wa mtu mwingine aliyeumia. Hicho ni kitu cha kuangalia siku zote, je, mtu alipandishwa kwa sababu kuna mwaka mzima ulioandikwa juu yake, au kelele za mashabiki ziliwalazimisha wafungue geti kwa usiku mmoja?

Kipimo kinachofuata hakina ubishi hata kidogo, nani anafunga show. Pambano la mwisho ndo la mtu mkubwa. Kofi alikaa na mkanda siku 180, sasa pitia zile show kubwa za kipindi hicho. Money in the Bank alimfunga Kevin Owens, show ikafungwa na pambano la ngazi, Lesnar akatokea kusikojulikana akabeba mkoba, ule unaokupa haki ya kumvaa bingwa wakati wowote. Jeddah, Saudi Arabia, alimfunga Dolph Ziggler, wakafunga Undertaker na Goldberg. Stomping Grounds Ziggler tena, ndani ya kizimba, wakafunga Seth Rollins, bingwa wa mkanda mwingine wa WWE, na Baron Corbin (Corbin jamani!). Extreme Rules alimpiga Samoa Joe, ikaishia kwa Lesnar kuja na ule mkoba kummalizia Rollins. SummerSlam na Orton hawakupata hata mshindi, wote wakahesabiwa wakiwa nje. Clash of Champions akamfunga Orton vizuri, wakafunga Rollins na Strowman. Hata moja haikufungwa na Kofi. Bingwa wa kampuni, mkanda uleule wa akina Hogan, na kila show taa zinazimwa na watu wengine. Ukitaka kujua kama fulani alikuwa staa wa juu au alikuwa mtu mwenye mkanda, fanya zoezi hili tu, ratiba za mapambano zipo kila mahali mtandaoni.

Na kama huna muda wa yote hayo, bakiza kipimo kimoja, kile ambacho mi nakiamini kuliko vyote. Usiangalie alivyofungwa, angalia wiki inayofuata.

Agosti 2014 kwenye SummerSlam, Lesnar alimponda John Cena vibaya mno, alimbeba akambwaga kwa mgongo mara 16, Cena hakufanya chochote cha maana. Aibu ileile tutakayoiona kwa Kofi, au mbaya zaidi maana ilidumu. Mwezi mmoja baadaye Cena yuko kwenye Night of Champions anapigana na Lesnar tena, stori nzima inamzunguka yeye, ataamka vipi, atalipiza vipi. Sasa tarehe 4 Oktoba 2019, Los Angeles, siku SmackDown, kipindi chao kingine cha TV, inaanza kurushwa na Fox, Kofi anatetea mkanda wake, kengele imelia, Kofi anaruka, Lesnar anamdaka, F5 moja (lile pigo lake la kumalizia), moja mbili tatu. Haikufika sekunde kumi. Kabla hatujakaa sawa Rey Mysterio anatoka na Cain Velasquez, bingwa wa zamani wa UFC, kuja kumvaa Lesnar, Kofi kashasahaulika hata jasho hajatoa. Na wiki zilizofuata? Karudi New Day, kundi lake la watu watatu na wenzake Big E na Xavier Woods, anacheka, anacheza, mapambano ya timu. Hakukasirika, hakuomba marudiano, hakuna aliyeuliza. Yani siku 180 zikafutwa kama hazikuwepo. Mtu mkubwa akifungwa kufungwa kwake ni mwanzo wa stori nyingine, Kofi yeye kufungwa kwake kulikuwa mwanzo wa stori ya Velasquez.

Sasa kwa nini. Hapa ni mawazo yangu, mnaweza kukataa. Stori ya Kofi 2019 ilikuwa ya mtu anayefika. Miaka 11, subira, mtu mwema kapata haki yake. Alipofika hakuna aliyeandika anafanya nini akishafika. Aliendelea kuwa yule yule wa chapati za kumwaga na fulana za rangi, na kwa mpinzani wakamletea Ziggler mara mbili mfululizo, mtu ambaye hakuna aliyedhani atashinda. Jambo la pili ni kwamba alikuwa na kiti kingine kizuri. New Day walikaa na mikanda ya timu siku 483 kati ya 2015 na 2016 wakavunja rekodi ya timu ya zamani ya Demolition ya siku 478, wanauza fulana, wanachekesha, hawaleti shida. Meneja yeyote akiwa na mtu anayefaa sana mahali fulani anaogopa kumtoa hapo. Cena hakuwa na kiti kingine, ilikuwa juu au basi.

Suala la rangi litaletwa, na lisifungiwe macho, New Day wenyewe walilidokeza kwenye stori ya 2019 pale Vince McMahon, bosi wa kampuni wakati huo, alipokuwa anamzuia Kofi. Ila ukilileta lilete pamoja na zile ratiba, nani alifunga show na nani hakufunga, vinginevyo mwenzako atakutajia The Rock, naye mweusi aliyekaa juu, mtaanza upya.

Cha kuhakikisha mwisho ni kama ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Julai 2021 Kofi alipewa tena nafasi ya mkanda, Money in the Bank, dhidi ya Bobby Lashley aliyekuwa bingwa. Aliliwa mzimamzima, pambano la upande mmoja. Mara mbili si ajali tena.

Ukishazoea jaribu kwa Ziggler mwenyewe, ni mgumu zaidi. Usiku wa baada ya WrestleMania 29, Aprili 2013, alimfunga Alberto Del Rio akachukua mkanda wa dunia na zile kelele mpaka leo watu wanazirudia kuziangalia. Mwezi uliofuata akaumia kichwa, Juni akaupoteza mkanda kwenye Payback kwa Del Rio huyohuyo. Hapo kuna jeraha la kweli, kwa hiyo inabidi ujue kama aliporudi walimpa njia tena au walikuwa wanasubiri kisingizio tu. Mi nasema walikuwa wanasubiri kisingizio. Anzia ratiba za Julai 2013 uje tubishane.