Jinsi ya kusoma digrii ya ualimu wa hisabati na kompyuta bila kuzidiwa

Kama umemaliza fomu siksi na unawaza digrii ya sayansi na elimu yenye hisabati na kompyuta, mfano ile ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro ya Informatiki na Hisabati, soma hii kabla hujatuma maombi. Mimi nilipita kombi ya aina hiyo chuo kingine na sasa nafundisha, na naandika kwa sababu nawaona wadogo zetu wanaingia wakidhani ni kompyuta tu na hesabu kidogo, semesta ya kwanza haijaisha wameshakamata supu tatu, yaani mitihani ya kurudia.

Sifa kwanza. Unatakiwa prinsipali mbili kwenye masomo husika na pointi zisipungue 4, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kombi za PCM (fizikia, kemia, hisabati), PGM (fizikia, jiografia, hisabati) na EGM (uchumi, jiografia, hisabati) zote zina hisabati ya advansi ila somo la pili linatofautiana chuo na chuo, fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka unaoomba usome mwenyewe usiambiwe. Na nyie wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) wenye BAM nzuri, ile hisabati ya Basic Applied Mathematics, BAM ni sabsidiari, yaani somo la ziada, haihesabiwi kama prinsipali.

Sasa muda. Miaka 3 ni krediti 360, na krediti moja imepigiwa masaa 10 ya kazi, pindi na kujisomea humo humo. Kwa hiyo mwaka mmoja ni krediti 120, masaa 1200, na ukizigawa kwa wiki kama 30 za masomo unapata masaa 40 kila wiki. Nafanya hii hesabu makusudi kwa sababu ratiba ya pindi ukiiangalia ina mapengo mengi, mtu anaona yuko huru, kumbe yale mapengo ndio ya kukaa na kalamu.

Kitu kikubwa ninachotaka ukishike ni hiki: usisome hisabati kivyake, kompyuta kivyake na elimu kivyake. Ukifanya hivyo umebeba digrii tatu. Chukua mada moja uizungushe kote.

Nitoe mfano ninaoupenda sana, KKS, kigawo kikubwa cha shirika, ile ya shule ya msingi. Tafuta KKS ya 84 na 36. Shuleni tulivunja kwa namba tasa, tukachukua zinazofanana, 2 mara 2 mara 3, tukapata 12. Chuoni unakutana na njia ya Euclid: 84 gawa kwa 36 ni 2 baki 12, halafu 36 gawa kwa 12 ni 3 baki 0, basi, jibu 12. Upande wa hisabati unaulizwa kwa nini inakubali, na sababu ni kwamba namba yoyote inayogawa 84 na 36 lazima igawe na lile baki, maana 12 ni 84 ukitoa 36 mara mbili. Upande wa kompyuta hiyo hiyo ni lupu fupi, yaani amri zinazojirudia, kwenye lugha ya programu ya Python: chukua baki, badilishana nafasi (36 inakaa pa 84, 12 inakaa pa 36), rudia mpaka baki iwe 0. Upande wa elimu unajiuliza mtoto wa fomu wani atakwama wapi, na mimi nakwambia atakwama pale pa kubadilishana nafasi, kwa hiyo andalio la somo lako liweke mfano wa pili hapo hapo. Jioni moja umegusa kozi tatu na hutasahau.

Fanya hivyo hivyo kwa matriksi na lupu mbili zilizopandana, au indaksheni (kuthibitisha hatua ya kwanza, halafu kwamba kila hatua inaleta inayofuata) na rikasheni (kodi inayojiita yenyewe), ambazo kwangu mimi ni ndugu kabisa.

Kalkulasi na aljebra ya mstari zianze mapema, usisubiri testi. Kuandika kodi usikariri kutoka pasti pepa, andika kwa mkono kwenye daftari, fuatilia kila mstari thamani inabadilikaje, ndio uingize kwenye mashine. Bumu la kwanza, ile hela ya mkopo wa kujikimu, likitoka nunua laptopu hata iliyotumika, simu itasubiri. Weka na GeoGebra, ni ya bure na inafanya kazi bila bando ukishaidaunlodi, grafu utaziona zikicheza na utaelewa vitu ambavyo ubaoni vilikuwa mistari tu.

Kozi za elimu, yaani saikolojia, mtaala, upimaji na tathmini, watu wanazidharau wakisema ni za kujaza ukurasa. Mimi nilizidharau pia na GPA yangu ya mwaka wa kwanza iliumia. Tena kozi ya upimaji ndio iliyonifundisha kutunga swali linaloonyesha mwanafunzi amekosea wapi, sio kwamba amekosea tu, na kwa nchi ambayo hisabati inaangusha watoto wengi hivi fomu foo, hiyo naiona muhimu kuliko kozi nyingi tulizokuwa tunaziogopa.

Ukienda mazoezi ya kufundisha, nenda na azimio la kazi lililo tayari, na jiandae kukuta kompyuta chache au umeme hakuna. Nilipoenda mimi kulikuwa na mashine 6 zinazowaka na darasa la watoto zaidi ya 70. Nikasimamisha watoto watano mbele na kadi za 16, 8, 4, 2 na 1, nikawaambia tengenezeni 19. Wakabishana weee, mwisho wenye 16, 2 na 1 wakainua kadi na wengine wakashusha, darasa likasoma lenyewe 10011, yaani 19 kwa namba za msingi wa mbili za kompyuta, kadi iliyoinuliwa ni 1 na iliyoshushwa ni 0. Siku hiyo hatukuwasha hata mashine moja.

Maandalio yako yote, kodi na mitihani uliyotunga vihifadhi kwenye flashi mbili tangu mwaka wa kwanza. Siku hizi ajira za ualimu serikalini zina usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, na ukiitwa utakuwa na vitu vyako mwenyewe vya kupitia usiku ule.