Somo la Kiingereza: kutofautisha nomino za kawaida na nomino za pekee

Wengi tulifundishwa kwamba nomino ya pekee ni ile inayoanza na herufi kubwa. Kanuni hiyo peke yake itakuangusha, kwa sababu kwenye mtihani unapewa sentensi ya herufi ndogo tupu na kuambiwa uisahihishe. Herufi kubwa huja mwisho. Kwanza ujue unataja nini.

Tufanye kazi na sentensi hii: "my aunt crossed lake victoria on friday in a small boat."

Hatua ya 1. Chomoa nomino zote: aunt, lake victoria, friday, boat. "Small" iache, hicho ni kivumishi.

Hatua ya 2. Kila nomino iulizie: hili ni jina la aina nzima (nomino ya kawaida), au ni jina la mmoja maalumu (nomino ya pekee)? Boti yoyote, ya Mwanza au ya Kisumu, ni "boat". Lake Victoria ni ziwa moja tu.

Hatua ya 3. Ukisita, tanguliza "a" au "an". "A boat" inakubali, "an aunt" inakubali, "a Lake Victoria" inagoma. Lakini kipimo hiki kina mipaka. "Rice" haikubali "a" na bado ni nomino ya kawaida, kwa kuwa haihesabiki. Nayo "on a Friday" husemwa, ingawa siku za wiki na miezi ni nomino za pekee. Hizo zikariri tu.

Hatua ya 4. Sasa andika: "My aunt crossed Lake Victoria on Friday in a small boat."

Tazama vizuri hiyo "Lake". Imepata L kubwa kwa sababu imekuwa sehemu ya jina. Sentensi ikiendelea "The lake was calm", neno limerudi kuwa la kawaida, hata kama ziwa ni lile lile. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Vivyo hivyo "my aunt" na "Aunt Rehema", "a university" na "University of Nairobi", "the president" na "President Nyerere". Neno lile lile hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa hiyo usikariri orodha ya maneno, soma sentensi nzima.

Na "the" isikubabaishe, haigeuzi nomino ya pekee kuwa ya kawaida. Mito na bahari huitumia: the Nile, the Indian Ocean. Ziwa moja au mlima mmoja kwa kawaida hautumii: Lake Tanganyika, Mount Kenya. Safu ya milima huitumia: the Usambara Mountains.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mbona July ina herufi kubwa na summer haina?
Jibu: Marahaba. Miezi huhesabiwa kuwa majina ya pekee, majira ya mwaka hayahesabiwi hivyo. Andika "in July" lakini "in summer".

Swali: Huku kwetu dawa yoyote ya meno tunaiita Colgate. Kwa Kiingereza niandikeje?
Jibu: Colgate ni jina la bidhaa ya kampuni moja, kwa hiyo C kubwa. Ukimaanisha dawa ya meno yoyote ile, andika "toothpaste".

Swali: Mama yangu nimwandike kwa M kubwa au ndogo?
Jibu: "My mother is here" ni ndogo, kwa sababu kuna "my". "I asked Mother" ni kubwa, kwani hapo neno limeshika nafasi ya jina lake.

Swali: Na "watt" kwenye balbu? Si jina la mtu?
Jibu: Kipimo kilipewa jina la James Watt wa Uskoti, lakini kikiandikwa kwa neno zima ni nomino ya kawaida: "60 watts". Alama yake ndiyo yenye herufi kubwa: 60 W.