Faini, ada na dhamana: kuzitunza fedha za mahakama mpaka zimfikie mwenyewe

Fedha zinazopokelewa dirishani si mali ya mahakama. Faini ni ya mfuko uliotajwa na sheria, fidia ni ya aliyedhuriwa, na dhamana ya taslimu bado ni ya aliyeiweka mpaka hakimu aamuru vingine. Kwa hiyo karani asome kwanza amri iliyo kwenye jalada, ndipo aandike stakabadhi yenye namba ya kesi, jina la mlipaji na aina ya malipo. Dhamana iende akaunti ya amana, isichanganywe na mapato.

Stakabadhi ziwe na namba mfululizo. Iliyokosewa isichanwe: iandikwe "imefutwa" na nakala zake zote zibaki kitabuni. Mkaguzi huanza na namba zisizoonekana.

Malipo ya awamu ndiyo yanayovuruga wengi. Tuseme mtu anadaiwa 500: fidia 200, faini 240, ada 60. Leo ameleta 150. Usizigawe kwa kukadiria. Kama amri inasema fidia itangulie, zote 150 ni za fidia na imebaki 50. Karani akizihesabu kama faini, aliyedhuriwa atasubiri fedha ambazo zimeshapelekwa kwingine, na kuzirudisha huchukua muda mrefu.

Jioni, hesabu taslimu, hundi na malipo ya kadi au simu, kila aina peke yake, kisha linganisha na stakabadhi. Upungufu uandikwe siku hiyohiyo, na ziada pia, maana huenda kuna mtu amelipa bila kuandikiwa stakabadhi. Fedha ziende benki zote kama zilivyopokelewa. Usizinunulie hata karatasi za ofisi. Tozo za kadi zina mtego wake: mtu akilipa 100 na benki ikaingia 98, yeye ahesabiwe 100, na ile 2 iandikwe kuwa gharama.

Anayepokea fedha asiwe ndiye anayelinganisha hesabu na benki. Kazi hizi zikiwa mkononi mwa mtu mmoja, malipo ya leo yanaweza kufunika yaliyochukuliwa jana, na hali hiyo ikaendelea miezi. Dalili yake ni hii: stakabadhi zinaonyesha taslimu nyingi, lakini hati ya kuweka benki ina hundi nyingi. Mahakama yenye karani mmoja tu, taarifa ya benki ifunguliwe kwanza na hakimu au mtu mwingine.

Mwisho wa mwezi, hesabu tatu lazima zilingane: salio la benki baada ya kurekebisha hundi ambazo hazijapita, salio la daftari, na jumla ya orodha ya fedha zinazoshikiliwa, kesi kwa kesi. Hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoonyesha fedha ni za nani. Bila hiyo benki na daftari vinaweza kukubaliana, na bado akaunti ikawa na fedha zisizojulikana mwenyewe.

Zikilingana, wasilisha makusanyo kabla ya siku ya mwisho, pamoja na jedwali la mchanganuo kwa kila mfuko. Hundi iliyokataliwa na benki irudishwe kuwa deni la mlipaji, na kama ilishawasilishwa, ikatwe kwenye uwasilishaji unaofuata.

Kisha pitia orodha ya dhamana na uwekee alama kesi zilizokwisha. Hakimu akiamuru irejeshwe, mlipe yule ambaye jina lake liko kwenye stakabadhi. Mara nyingi ni ndugu wa mshtakiwa, si mshtakiwa mwenyewe.