Mbolea ya ruzuku: jinsi ya kuipata bila kurudishwa mikono mitupu kutoka stoo

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi hapa Trans Nzoia, Kenya. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya serikali ulishuka hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Wengi ninaowaona wakiikosa wana hiyo pesa mfukoni. Kinachowaangusha ni rekodi za usajili, kwa hivyo hapo ndipo nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Jisajili kwa jina lako na laini yako

Nenda kwa chifu au naibu chifu na kitambulisho chako, pamoja na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Anayeshika jembe ndiye aandikwe. Kuna mama mjane kikundini kwetu ambaye shamba lilibaki kwenye rekodi kwa laini ya marehemu mumewe. Vocha, yaani ujumbe wa simu wa kuchukulia mbolea, zilikuwa zinatumwa kwa simu iliyozimwa, naye misimu miwili akanunua DAP, mbolea ya kupandia, dukani kwa bei ya soko. Tukaenda naye kwa naibu chifu, akaandikwa upya. Ujumbe ulipoingia, alinisomea mara mbili, kidole kikifuata kila herufi.

Taja pia ekari unazolima kweli, za kukodi zikiwemo, maana idadi ya mifuko hutoka hapo. Usiongeze. Ukiongeza, unamnyima jirani.

Hatua ya 2: Linda vocha

Ujumbe ukija, angalia jina, aina ya mbolea na idadi ya mifuko. Kosa lolote lirekebishwe kabla hujasafiri. Namba ya vocha usimpe dalali, hata akikuonyesha pesa taslimu. Mfuko wako unaweza kuishia dukani kwa bei ya juu, na wewe Aprili mvua ikinyesha huna cha kupandia.

Hatua ya 3: Uliza kwanza, kisha ukodi gari

Hakikisha mbolea unayotaka iko stoo ya NCPB (bodi ya serikali ya nafaka) au kituo kilicho karibu nawe. Boda akikutoza 300 kwa mfuko, ruzuku inamomonyoka barabarani. Sisi huungana watu kumi, pikapu moja.

Hatua ya 4: Lipa na uchukue risiti

Weka pesa kwenye M-Pesa mapema. Risiti usiitupe hadi uvune.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kupanda

Mwaka 2024 mbolea bandia ilifika hadi kwenye stoo za serikali, na serikali ikalazimika kuwafidia wakulima. Tangu hapo tunakagua kila mfuko: mshono usiwe umefumuliwa na kurudiwa, alama ya KEBS, shirika la viwango vya ubora, iwepo, na uzito upimwe.

Kisha fungua mfuko mmoja tu. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge. Urea, mbolea ya kukuzia, huyeyuka yote na glasi hupoa mkononi. CAN, nayo ya kukuzia, huyeyuka pia, ila huacha unga mweupe chini, nao ni chokaa yake. DAP huacha mashapo kidogo. Ukiona mchanga au vijiwe vimejaa chini, simama hapo hapo. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, lakini kinatosha kukuzuia kuweka mchanga shambani. Mifuko mingine iache imefungwa, irudishe na risiti, na umwarifu afisa wa kilimo wa wadi siku hiyo hiyo.