Somo: Kikasha cha barua pepe za kazini kimefurika? Anzia hapa

Kazi yangu ni kugomboa mizigo, ofisi iko Kampala. Kontena likishushwa Mombasa tu, barua zinamiminika: wakala wa meli, mwenye lori, mteja, kisha watu wa mpakani Malaba, na kila mmoja anajibu kwa kuwanakili wote. Siku moja nilikuta 6,814 sijazisoma. Ndani yake mlikuwa na moja ya wakala wa meli: siku za bure za kontena, yaani za kukaa nalo bila kulipia, zinaisha Ijumaa. Mimi niliisoma Jumanne iliyofuata. Bosi aliichapisha, akaibandika ukutani juu ya kompyuta yangu. Hadi leo ipo.

Natumia Gmail, basi nitaeleza hiyo.

Hatua ya 1: Usizisome. Najua inauma. Kwenye sehemu ya kutafutia andika in:inbox older_than:30d. Weka alama kwenye kisanduku cha juu. Hapa ndipo wengi hukwama: alama hiyo hushika ukurasa mmoja tu, kwa kawaida barua 50. Angalia juu ya orodha, kuna maandishi yanayokuuliza kama unataka zote zinazolingana na ulichotafuta. Bonyeza hapo, kisha uzihifadhi kwenye kumbukumbu. Hakuna kinachofutwa. Ukitafuta jina la mteja au namba ya kontena, barua inakuja, na mtu akijibu uzi wa zamani, unarudi wenyewe kikashani.

Hatua ya 2: Matangazo. Tafuta neno unsubscribe, jiondoe moja moja. Nusu saa inatosha.

Hatua ya 3: Vichujio. Hii ndiyo iliyoniokoa. Barua nyingi hazikuwa zangu, nilikuwa nimenakiliwa tu. Tafuta cc:me, tengeneza kichujio kutokana na utafutaji huo, kipe lebo "Nakala tu" na uamuru ziruke kikasha. Mimi huzipitia jioni, chai mkononi. Lakini angalia: anwani za wakala wa meli ziondoe kwenye kichujio hicho, kisha uzitengenezee cha kwao chenye nyota. Wale hukunakili tu hata jambo likiwa la moto. Tumia kompyuta, maana programu ya simu haitengenezi vichujio.

Hatua ya 4: Saa maalumu. Mimi hufungua saa 3 asubuhi, saa 8 mchana na saa 11 jioni. Ya dakika mbili najibu papo hapo, inayohitaji kazi naipa nyota, iliyobaki inakwenda kumbukumbu.

Maswali

*Nimefanya hatua ya kwanza lakini bado naambiwa nafasi imejaa. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, dada. Kumbukumbu haipunguzi uzito. Akaunti ya bure ina GB 15, na picha zako na faili za Drive zinakula humohumo. Tafuta larger:10M, ufute usichohitaji, kisha umwage na Tupio, la sivyo vitakaa humo siku 30.

*Kwa hiyo nifute na nyaraka za mizigo ya zamani?*

Hapana, ndugu yangu! Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa ofisa miaka 5 tangu mzigo kuingia kukudai nyaraka zake. Zipakue kwanza, uziweke kwenye diski ya ofisi, folda moja kwa kila kontena.

*Bosi wangu akituma barua, dakika tano baadaye anapiga simu: "Umeiona?" Saa tatu, saa nane, hizo atazikubali?*

Wangu pia alikuwa hivyo. Nilimwambia, mzee, la haraka nipigie moja kwa moja, barua iwe ya kumbukumbu. Wiki ya kwanza alinuna. Siku hizi anapiga simu tu, barua anasahau kutuma, ikabidi nianze kumwomba aandike.