Wake wa wajeda, somea kazi inayopakiwa kwenye lori

Taarifa ya uhamisho haipigi hodi, mzee anarudi jioni anakwambia mwezi ujao tunahama na wewe ndo kwanza biashara imeshika. Mimi nilikuwa nachukua dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza, nawapelekea mama ntilie wa Igoma na Buhongwa, wengine kwa mkopo, tukahamishiwa Songea wateja wakabaki na hela yangu ikabaki nao.

Sasa shoga yangu, kabla hujalipa ada ya kozi yoyote jiulize, kesho nikishushwa Lindi naanza kazi baada ya muda gani? Kama jibu ni mpaka uzoeane na watu mwaka mzima, hiyo iache. Ushonaji, saluni, mapishi, umeme wa majumbani, hizo zinahamika. Ukiwa nesi umepona zaidi, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haijali mkoa.

Cheti ndo kitu cha kukomalia. Kwa Mwanza anzia VETA, chuo cha ufundi cha serikali pale Nyakato, uliza kozi fupi na ndefu na mwisho wake unapewa cheti gani. Ukipenda chuo binafsi, waombe namba ya usajili wa NACTVET, lile baraza linalosajili vyuo vya ufundi, kabla hujatoa hata mia, wakianza kuzunguka zunguka we ondoka tu.

Na kama kazi unaijua tayari usikubali kuanza sifuri jamani. Mimi kushona nilifundishwa na jirani wa kota Songea, miaka yote nashona bila karatasi, tuliporudi Mwanza ndo nikasikia VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unajaza fomu, wanakuhoji, wanakupima kwa vitendo, palipopungua unafundishwa halafu unapewa cheti. Mimi nilipungua kwenye vipimo, nilikuwa nakata kwa macho, sasa hivi nachora patani kwanza na kitambaa kinabaki.

Wenzetu Marekani wana mpango unaitwa MyCAA, mke wa mwanajeshi anayestahili analipiwa mpaka dola 4,000 kusomea kazi ya kuhama nayo. Natamani sana na sisi tufikiriwe, ila kwa sasa chezeni vikoba vya kota, ada ya kozi fupi inapatikana.

TIN yako, ile namba ya mlipakodi, ni hiyo hiyo nchi nzima, ukihama nenda TRA wabadilishe taarifa. Leseni ya biashara ndogo kama zetu ni ya halmashauri, ukifika kupya unakata nyingine, iweke kabisa kwenye bajeti ya kuhama.

Siku ya kupakia, kichwa cha cherehani kifungue, kizungushie blanketi, kilale katikati ya magodoro. Vyeti usipakie, viskani ujitumie kwenye imeili, halisi vikae kwenye pochi uliyoshika mkononi. Tulivyokuwa tunarudi toka Songea lori lilinyeshewa Singida, albamu ya harusi yangu yote iligandana.