CD za sendofu zinafia kabatini, hamisha sa hivi (jinsi nilivyofanya mimi)

Krismasi iliyopita mama akasema leteni ile CD ya sendofu ya dada yenu tumuone babu alivyocheza, basi nikazama kabatini nikatoka na DVD 3 zimeandikwa Part 1, Part 2, Part 3 kwa makapeni, deki nikalifuta vumbi nikachomeka. Part 1 ikaenda safi. Part 2 ikafika pale ndafu inaingizwa ukumbini, picha ikaanza kukatika vijiboksi vijiboksi halafu ikaganda kabisa, na babu anacheza kwenye hiyohiyo Part 2, na babu mwenyewe tumeshamzika. Sebule nzima kimya.

Kwaiyo kama na nyie mna zenu, fanya hivi.

Kwanza usianze na muvi. Muvi ya Hollywood au season ya Kikorea ukiipoteza unaenda kwa jamaa wa kujaza muvi anakuwekea kwenye flashi dakika 10 umemaliza. Anza na vitu ambavyo hamna mtu mwingine duniani anavyo, yani harusi, sendofu, kipaimara, msiba, mahafali. Zikifuata ziwe Bongo Movie za zamani, zile za enzi za Kanumba kurudi nyuma, ila kabla hujajichosha itafute kwanza mtandaoni, kama ipo na picha yake inaeleweka achana nayo.

Halafu geuza CD uangalie tumboni. Ikiwa rangi ya fedha tupu hiyo imegongwa kiwandani, data ni vishimo na juu yake kuna aluminiamu, inavumilia sana. Ikiwa zambarau au kibluu hivi, hiyo ni ya kubani, ndani kuna rangi ambayo mwanga wa leza uliiunguza, na rangi jua na joto vinaipausha kama vinavyopausha shati. Za sherehe karibu zote ni hizi za kubani, ndo zinatangulia kufa. Zetu kabati liko dirishani, jua la saa kumi linapiga palepale.

Kusafisha: maji ya kawaida, sabuni ya vyombo tone moja, kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe kama unafuta sahani, maana data imepangwa kwa kuzunguka, ukiacha mkwaruzo unaofuata mzunguko umeua kipande kirefu kwa mpigo. Dawa ya mswaki watu wanapaka, inasugua plastiki ya juu kidogo na kuna wakati inasaidia, ila hiyo iwe karata ya mwisho. Na kwa CD zenyewe (sio DVD) upande wa maandishi ndo hatari zaidi, data iko chini ya lebo tu, ukikwangua pale hamna fundi. DVD data yake iko katikati ya plastiki mbili, ina nafuu.

Sasa kompyuta. Laptop za sa hivi hazina mdomo wa CD, tafuta draivu ya nje ya USB, hata ya kuazima. Ukichomeka DVD utakuta folda inaitwa VIDEO_TS, ndani kuna mafaili ya VOB, kila moja haizidi GB 1. Kopi folda lote kama lilivyo uweke kwenye kompyuta, usicheze muvi moja kwa moja kutoka kwenye CD huku unaibadilisha kuwa faili, utaichosha bure. Ikiwa ni VCD, zile za zamani kabisa, ingia folda la MPEGAV chukua faili la DAT, programu ya VLC inalicheza bila shida.

Hapo sasa fungua HandBrake, programu ya kubadilisha na kubana video, ni ya bure, ielekeze kwenye lile folda, chagua Fast 576p25, maana video za huku kwetu nyingi ni za mfumo wa PAL, wa picha 25 kwa sekunde, toa MP4. Usijidanganye kuipandisha iwe 1080, DVD ina mistari 576 basi, ukiikuza unapata faili kubwa na picha ileile. Ukiona watu wakicheza wanatoka mistari kama meno ya kitana, washa Deinterlace uirudie. DVD moja inajaa GB 4.7, ukimaliza kuibana mara nyingi inashuka chini ya nusu na macho hayaoni tofauti. Za dukani zenye kufuli HandBrake itazigomea, hizo ziache zilivyo, uliinunua CD itazame CD.

Ikigoma kusomeka usikate tamaa na draivu moja. Draivu zinatofautiana, Part 2 yetu laptop yangu iliikataa, ya shemeji ikaisoma mpaka robo tatu. Kilichobaki deki la mzee mmoja jirani lilikuwa linakicheza kwa kukwamakwama, nikanunua kile kidude cha USB chenye matundu matatu, njano nyekundu na nyeupe, nikaunga waya za deki kwenye laptop nikarekodi picha ikiwa inatembea. Ubora sio wa kujivunia ila babu yupo, anacheza, koti liko begani.

Kwenye kuhifadhi hapa ndo watu wanaliwa. Flashi ni ya kubebea, sio ya kutunzia. Na ukikutana na flashi ya TB 2 kwa bei ya chips mayai jua ni feki, inaandika TB 2 ila uwezo wake ni GB chache, ukiijaza inakubali yote halafu faili hazifunguki. Mimi niliwahi kuuziwa, kwaiyo sa hivi kila nikinunua naipima kwanza na programu ya H2testw. Chukua hard disk ya nje, na kopi ya pili iwe nyumba nyingine, kwa dada au kwa mama. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bure japo inagawana na imeili na picha zako, sendofu moja inaenea.

Kitu kingine, TV na sabufa za zamani zinasoma flashi iliyofomatiwa FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Ukiambiwa faili ni kubwa wakati nafasi ipo, ndo hiyo. Ibane zaidi au ikate vipande viwili, au kama TV ni mpya fomati exFAT.

Kuna mtu ataniambia CD za nini, si unadaunlodi Netflix. Wao wenyewe walianza 1998 kwa kutuma DVD kwa posta na wakafunga hiyo huduma tarehe 29 Septemba 2023, sawa. Lakini kile ulichodaunlodi ndani ya app sio chako, hakihamii kwenye flashi, kina tarehe ya kuisha, na mwezi ambao hujalipa hukioni. Halafu kwa HD wao wenyewe wanasema inafika GB 3 kwa saa, muvi ya masaa mawili GB 6, pigia hesabu bando lako. Kwa muvi unayoiangalia kila mwaka na watoto mimi bado nanunua CD.

Ukiletewa za nje angalia nambari ndogo kwenye kava, hiyo ni rijini, yani eneo la dunia ambalo CD imeruhusiwa kuchezwa. Afrika Mashariki ni rijini 5, Marekani 1, Uingereza 2. Madeki mengi ya bei rahisi yanakula zote, ila draivu ya laptop inaruhusu kubadilisha rijini mara 5 tu halafu inajifunga ilipo, usibonyezebonyeze OK.

Ukishahamisha usitupe orijino. Zisimamishe kwenye kava kama vitabu, mbali na dirisha. Zilizokufa kabisa mimi nilizipeleka kwa bibi, kazitundika kwa uzi kwenye mtama wake, upepo ukipiga zinametameta na ndege hawatui.